Masta ya miezi 24, muhogo wa miezi 15

Kuna kitu shambani ukikiona mara moja hukisahau tena. Unang'oa shina la muhogo, majani mabichi, mti umesimama vizuri, mizizi mitano sita imenona na ganda lake safi, mwenye shamba yuko pembeni uso umemchangamka, alafu unachukua panga unakata mzizi wa kwanza katikati unakuta doa la kahawia, kavu, gumu kama kizibo cha chupa. Unakata tena vidole vitatu mbele, doa bado lipo. Unakata mzizi wa pili, hivyo hivyo. Nje haukuonyesha chochote, kumbe ndani chakula kimeshaharibika na sokoni hakuna wa kununua. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia.

Mi hii kitu niliiona kwa macho yangu Mkuranga, kwa mama mmoja aliyetupa kipande cha shamba lake tupande majaribio. Siku ya kuvuna tulikaa chini ya mwembe wake tangu asubuhi tunakata mizizi, kila mzizi tunaukatakata mara tano, mwenzangu anasoma alama mimi naandika kwenye daftari, 1 ni mzizi safi kabisa, 5 ni mzizi ambao umeliwa wote na kahawia. Mama alikuwa anatuangalia muda wote hasemi kitu. Mchana tulipokuwa tunafunga magunia akaniuliza, "Mwanangu, sasa mwakani mtaniletea mbegu ipi kati ya hizi?" Nikamwambia mama mwakani sitakuwepo, masomo yangu yanaisha. Akasema "haya baba, Mungu akujalie," akaingia ndani. Nimekaa na jibu langu lile miaka kadhaa sasa na nazidi kuona halikuwa jibu.

Maana ukweli ni kwamba masomo yetu ya uzamili ya mimea na mazao tumeyapima kwa kalenda ya ada na mkataba wa mfadhili, wakati mmea una kalenda yake ambayo hakuna wa kuibadilisha. Na kila mwanafunzi anayemaliza anafunga shamba lake anaondoka nalo, anayekuja nyuma yake anaanza sifuri. Hapo ndipo tunapopoteza kuliko mahali pengine popote, hata kuliko pale tunapolalamikia mashine za maabara.

Hebu tupige hesabu kidogo. Masta nyingi za sayansi ya mazao huku kwetu zimepangwa kwa miaka 2, uwe Sokoine pale Morogoro, uwe Makerere, uwe Egerton. Mwaka wa kwanza uko darasani, takwimu, jenetiki, fiziolojia ya mimea, magonjwa. Proposo, yaani andiko la utafiti unaotaka kufanya, unaanza kuiandika ukiwa darasani ila lazima ipite kwa msimamizi, irudi, ipite idarani, irudi, uitetee mbele ya watu, mpaka unashika jembe ni mwezi wa 13 au 14 na hapo umebahatika. Umebakiwa na miezi 10, na kwenye hiyo 10 unatakiwa pia uchambue data na uandike tasnifu. Aliyechagua maharage amepona, yanaiva ndani ya miezi 3. Wa mahindi naye anapata msimu mmoja vizuri, na kama eneo lake lina vuli na masika akijibana anapata miwili. Aliyechagua muhogo yuko kwenye shida. Muhogo unaanza kuvunwa kwenye miezi 9, aina nyingi zinataka 12, na mkulima wa pwani anauacha ardhini mpaka miezi 15 na zaidi kwa sababu lile shamba ndio ghala lake, anachimba shina mbili leo, shina mbili keshokutwa, lingine linangoja mwezi wa njaa.

Sasa mwanafunzi anavuna muhogo ukiwa na miezi 9 kwa sababu ndio muda alionao. Anakata mizizi, anaona alama 1 na 2, anaandika kwamba aina fulani inastahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Hajadanganya, alichokiona ndicho alichoandika. Lakini huu ugonjwa unaongezeka kwenye mzizi kadri mzizi unavyokaa ardhini, ndio maana wazee wa pwani wakishaona dalili kwenye majani wanavuna haraka hata kama muhogo haujajaa, bora kidogo kizima kuliko kingi kibovu. Mzizi uliokuwa na alama 2 ukiwa na miezi 9 unaweza ukawa na 4 ukifika miezi 15. Kwa hiyo maktaba ina tasnifu inasema aina hii ni nzuri, na mama wa Mkuranga ana sufuria inasema hapana, na wote wawili wamesema kweli ila wamepima siku tofauti.

Na hapo bado sijagusa hali ya hewa. Ugonjwa huu unaletwa na virusi, navyo vinabebwa na nzi weupe, wale wadogo sana wanaojibanza chini ya jani, ukitikisa mti wanaruka kama vumbi la unga. Kuna mwaka wanakuwa wengi kupita kiasi na kuna mwaka hawaonekani, inategemea mvua na joto na nini kimepandwa jirani. Ukipima msimu mmoja, eneo moja, kwenye mwaka ambao nzi walikuwa wachache, kila aina itaonekana shujaa. Ndio maana mtu yeyote wa mazao anafundishwa tangu shahada ya kwanza kwamba jaribio linarudiwa misimu na maeneo, tunalisoma, tunalijibia mtihani, alafu ikifika zamu yetu kufanya hatuna msimu wa pili.

Mimi mwenyewe pesa ya utafiti ilitoka mwezi wa 6, masika imeshakatika, nikapanda kwenye mchanga mkavu nikiwa najua kabisa nakosea. Pingili nyingi, vile vipande vya shina tunavyopanda, zilikauka nikawa nazibia mapengo na pingili za kuokoteza. Nilipoomba nisogezewe muda nipande upya na vuli niliambiwa mkataba wa mfadhili una tarehe yake na hauongezwi, ripoti inatakiwa, andika ulichopata. Nikaandika nilichopata. Nilifaulu, watu walinipongeza, na mpaka leo ile sura ya nne ya tasnifu yangu nisingependa mkulima apande kitu kwa kuitegemea.

Wenzetu wa nje hili la muda walilitatua kwa njia yao. Mmea uliosomwa kuliko yote kwenye maabara za Ulaya na Marekani ni kimmea kidogo cha ukoo mmoja na kabichi na haradali, kinaitwa Arabidopsis, hakuna anayekilima kwa chakula, ila kinatoka mbegu mpaka mbegu ndani ya wiki 6 hivi, kinaota kwenye kikombe, na mwanafunzi wa PhD anaweza kukizalisha vizazi na vizazi kabla skolashipu haijaisha. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, ilisomwa ikakamilika mwaka 2000, ya kwanza kwa mmea wowote. Mengi tunayoyajua leo kuhusu jinsi mmea unavyoutambua ugonjwa na kujilinda yametokea kwenye kikombe kile na nayaheshimu. Lakini kijana wa kwetu akienda kule miaka minne akakaa na Arabidopsis kwenye chumba cha taa, akirudi kwenye vituo vyetu vya utafiti vya Naliendele au Ukiriguru anakutana na mti ambao kutoa maua kwenyewe ni kwa shida, tunda lake lina mbegu 3 tu, na shina moja lililokomaa linakupa pingili kama 10 za kupanda wakati hindi moja linakupa punje mia kadhaa. Kuzalisha aina mpya ya muhogo, kuanzia kuvusha chavua mpaka mkulima aishike mkononi, ni miaka 8 mpaka 10. Hakuna masta wala PhD inayoingia humo peke yake. Ni kazi ya watu kupokezana, hiyo ni lazima.

Na hapa naomba mnivumilie niende nyuma kidogo kwa sababu hii hadithi ya muhogo ndio inayonipa ujasiri wa kusema ninachosema. Kule Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, baadae Waingereza wakakirithi. Mwaka 1936 mtafiti wa pale, H. H. Storey, ndiye aliyeuandika kwa mara ya kwanza huu ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwaka uliofuata wakaanza kazi ya kuzalisha aina mpya za muhogo. Walichofanya ni kwamba walichukua muhogo wakauvusha na ndugu yake wa porini, mti ule wa mpira wa jamii ya muhogo, ambao una kinga nzuri ila mzizi wake hauliki, alafu watoto wakawavusha tena na muhogo, na wajukuu wakarudishwa tena, na vitukuu tena, mpaka mzizi ukarudi kuwa chakula na kinga ikabaki. Ile kazi ilikwenda miaka 20, mpaka 1957. Hesabu wewe, hiyo ni masta 10 zikifuatana, kijiti kinatoka mkono huu kinakwenda mkono huu.

Baada ya hapo kazi ilififia sana. Amani ilishageuzwa kuwa kituo cha malaria, utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ukahamishiwa Muguga karibu na Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977 kila nchi ikabeba chake. Virusi vya ugonjwa huu havikuanza kusomwa vinasaba vyake mpaka 2001. Kwamba nzi weupe ndio wanaovibeba, jambo ambalo watu wa Amani walishalihisi zamani, lilithibitishwa kwa majaribio mwaka 2005. Na kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vinasema huu ni ugonjwa wa pwani na mabondeni, haupandi zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mpaka mwaka 2004 ulipoonekana Mukono kule Uganda, juu ya huo urefu, na baada ya hapo ukasambaa ukanda wa ziwa wote watu wakabaki wanashangaa. Tangu 1936 mpaka 2004 ni miaka 68 na bado ugonjwa ukatukuta hatujajiandaa.

Sasa sikilizeni hii. Moja ya miche iliyotoka Amani ilikuwa na namba 46106/27. Kituo kilipoacha kazi, ile namba haikufa, ilikuwa imeshafika kwa wakulima. Pwani ya Kenya wakaiita Kaleso. Kusini mwa Tanzania ikaitwa Namikonga. Wakaipanda, wakapeana pingili, jirani kwa jirani, binti akiolewa anaondoka na mzigo wa pingili, bila kujua inatoka maabara ya nani, walichojua wao ni kwamba ukiikata ndani ni nyeupe. Miongo imepita, watafiti wanakuja kupima vinasaba wanakuta Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja. Na mwaka 2017 Esther Masumba, mtafiti wa Kibaha, na wenzake wakachapisha kazi ambayo walivusha Namikonga na aina nyingine ya wakulima inaitwa Albert, wakapanda watoto wake Naliendele kule Mtwara na Chambezi pale Bagamoyo, wakatafuta ni sehemu zipi za jenomu zinabeba ile kinga. Misimu miwili, maeneo mawili. Kazi ya 1937 imekuja kujibiwa 2017 na mtu wa hapa hapa kwenye udongo wa hapa hapa, na daraja lililounganisha hizo kazi mbili lilikuwa ni mkulima asiye na cheti chochote aliyekataa kuitupa mbegu. Kila nikiifikiria hii najisikia deni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kupokezana haiwezekani kwenye elimu ya juu namwambia twende Kabete. Pale kwenye maabara za taifa za utafiti wa kilimo za Kenya kuna jaribio lilianza 1976, mahindi na maharage mwaka hadi mwaka kwenye ploti zile zile, nyingine zinapewa mbolea ya dukani, nyingine samadi, nyingine zinarudishiwa mabua yake, nyingine vyote kwa pamoja, na nyingine hazipewi kitu kabisa. Ukipima mwaka wa kwanza na wa pili mbolea ya dukani inakupa jibu zuri sana. Ilibidi miaka mingi ipite ndio ionekane kwamba udongo unazidi kupoteza mboji yake hata pale mbolea inapowekwa, na kwamba aliyechanganya samadi na mbolea ndiye anayeshika mavuno. Wanafunzi wametoka pale na tasnifu zao, kila mmoja ana swali lake, mmoja anaangalia kaboni, mwingine fosforasi, mwingine wadudu wa udongoni, lakini wote wamesimama kwenye ploti ambazo hawakuzianzisha wao. Chuka na Thika nako kuna majaribio tangu 2007 yanayolinganisha kilimo hai na kilimo cha kawaida, icipe, wale watafiti wa wadudu wa Nairobi, wamo, na kule faida ya kilimo hai ilianza kuonekana vizuri kwenye mwaka wa 5. Mwanafunzi wa miaka 2 angepeleka ripoti kwamba kilimo hai hakilipi, na angekuwa na jedwali safi la kuthibitisha! Hili neno kilimo endelevu ambalo sasa hivi liko kwenye kila tangazo la skolashipu lina mantiki gani kama tunalipima kwa mvua moja? Uendelevu ni swali la muda. Waingereza kule Rothamsted wana shamba la ngano linaitwa Broadbalk limepandwa tangu 1843, wanafunzi wamezaliwa wakazeeka wakafa na shamba lipo.

Najua pingamizi kubwa na ni la haki. Kijana anayesoma masta ana miaka 30, ana familia, ofisi imempa ruhusa ya miaka 2 tu, wengine wanajilipia wenyewe kwa mkopo na kuuza viwanja vya wazazi. Huwezi kumwambia akae miaka 4 ili muhogo uive vizuri. Sisemi hivyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba jaribio liwe refu kuliko mwanafunzi. Yeye aje akute muhogo uko ardhini una miezi 8, alioupanda mwenzake aliyetangulia, avune huo, apime, na huku anapanda wa kumwachia anayekuja. Mwaka wake wa kwanza darasani ile mimea inaendelea kukua, haimsubiri proposo ipite. Anamaliza kwa wakati ule ule wa miezi 24 ila anamaliza na misimu mitatu minne kwenye jedwali badala ya nusu msimu.

Ukiongea hivi kwenye vikao utasikia kwamba tasnifu lazima iwe kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Ni kweli lazima iwe yake, swali liwe lake, uchambuzi uwe wake, jasho la msimu wake liwe lake. Lakini yule wa Kabete aliyepima kaboni kwenye ploti ya 1976 nani anamwambia kazi siyo yake? Tumechanganya kuwa na swali lako na kuwa na shamba lako. Kuna na jambo lingine ambalo watu hawalisemi wazi, wasimamizi wengine wanashikilia data kama hati ya nyumba. Na wanafunzi nao tunaondoka nayo kwenye laptopu, laptopu inaibiwa kwenye daladala, flash inaingia virusi, na miaka miwili ya kukata mizizi juani imekwisha hivyo. Ramani ya ploti hakuna. Nani anajua ile mistari mitatu ya mwisho ilikuwa aina gani? Nimeshasimama kwenye shamba la kituo kimoja nikiwa na mwanafunzi mwenzangu, muhogo umejaa, mzuri, hakuna mtu hata mmoja pale anayejua umepandwa na nani wala ni aina ipi. Ilibidi ung'olewe.

Upo mpangilio mmoja ambao nadhani umelielewa hili kuliko mingine. Kituo cha uboreshaji wa mazao cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinachukua watafiti kutoka nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kusoma PhD, wanakaa darasani kule miaka kama 2, alafu wanarudi nyumbani miaka 3 kufanya utafiti kwenye kituo chao, kwenye zao lao, kwa kufuata mvua za kwao. Ghana wakaanzisha cha namna hiyo kwenye chuo kikuu chao cha Legon mwaka 2007. Kinachonivutia ni kwamba mtu haachani na shamba lake. Anaondoka na swali kutoka Kibaha anarudi na swali lile lile Kibaha likiwa limenolewa, na akishapata cheti bado yuko pale, na mimea bado ipo. Nelson Mandela pale Arusha, chuo ambacho kilianzishwa makusudi kwa ajili ya uzamili na uzamivu, kingeweza kulibeba hili wazo vizuri kabisa na vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, vikawa ndio mashamba yake. Ardhi ipo. Naliendele ipo, Ukiriguru ipo, Maruku kwa wenye ndizi ipo, Uyole ipo.

Pesa? Bajeti ya wizara ya kilimo Tanzania ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, ikafika zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Ni hatua kubwa na sehemu kubwa imekwenda kwenye umwagiliaji na ruzuku ya mbolea na mbegu, siipingi hata chembe. Ila shamba la kupokezana halili pesa nyingi. Linataka mtu wa kupalilia wakati chuo kimefunga, mlinzi, kipima mvua, vibao vya chuma badala ya vijiti vya mianzi vinavyoliwa na mchwa, na daftari moja linalokaa kituoni, siyo kwa mwanafunzi. Linataka na mfuko mdogo unaotoa pesa mwezi wa 2, kabla masika haijaanza, siyo mwezi wa 6. Hilo la mwisho ningeomba mtu wa fedha alisome mara mbili, kwa sababu mvua ikishapita hakuna barua ya kuomba radhi inayoweza kuirudisha.

Na ikitokea dharura tunajua kufanya haraka. Ugonjwa wa mahindi ule mkali, maize lethal necrosis, ulipoingia Bomet kule Kenya 2011, mwaka uliofuata ukawa umeshavuka mpaka Tanzania, ilipofika 2013 Naivasha ikawa na eneo la pamoja la kupima mahindi, wazalishaji wa mbegu wa nchi mbalimbali wanapeleka mbegu zao zinaambukizwa makusudi kuona ipi inasimama. Eneo moja, nchi nyingi, miaka inafuatana. Mahindi yana wenye nguvu nyuma yake, kampuni za mbegu zipo, mkulima ananunua mbegu kila msimu. Pingili haina kampuni kubwa ya kuipigania kwa sababu jirani anakupa bure, kwa hiyo kama vyuo vya umma havitaibeba sijui nani ataibeba.

Mtu akiniuliza siku hizi aende kusoma masta ya mazao wapi, simtajii chuo. Namwambia kabla hujajaza fomu mpigie anayetaka kukusimamia, muulize shamba liko wapi, nani alikuwa kwenye shamba hilo kabla yako, data yake iko wapi, na ukimaliza nani anaingia. Akiweza kukujibu hayo manne nenda hata kama jengo lao halina rangi. Akianza kukuelezea majarida atakayokuchapishia, endelea kutafuta. Na chagua zao kwanza, mfadhili baadae, maana mfadhili wa leo kesho ana ajenda nyingine na wewe zao lako utaishi nalo miaka 30.

Mwezi wa 3 mwaka huu alinipigia dada mmoja, yuko mwaka wa kwanza, anataka kufanya muhogo na ametumwa na mtu anayenifahamu. Nilitafuta lile daftari langu nikalipata kwenye sanduku la nguo, limeliwa pembe na mende ila namba zote zinasomeka. Nikalipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikamtumia, na ramani niliyoichora upya kwa kichwa, mwembe uko upande wa kaskazini, ploti ya kwanza inaanzia hatua 12 kutoka kwenye shina lake. Nikampa na namba ya mjukuu wa mama. Wiki ya pili akanitumia picha kutoka Mkuranga. Vibao vimebaki viwili, vingine vimeng'oka, lakini mama alikuwa ameendelea kupanda aina mbili kati ya nane tulizomletea, miaka yote hii, kwa kuchagua mwenyewe kila alipovuna, na mojawapo ni ile ambayo mimi niliiandika kwamba haifai. Dada ameanza na hizo mbili. Amepanda mvua zikiwa zinanyesha, na mizizi ya kwanza ataikata mwakani mwezi wa 6.